Mchezo wa Viti Siku ya Noeli

Nakumbuka Noeli moja, mwanangu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na kujiona nimezaliwa kupanga watu. Nimesikia umepewa kazi ya kuchagua mchezo wa sikukuu, ukoo wote ukikutana hapa Butembo, tangu mtoto wa mgongoni hadi mimi mwenye magoti haya. Basi keti kidogo. Kazi hiyo hiyo mimi niliiharibu.

Mwaka ule mama yangu mdogo Kavira alifika asubuhi kutoka Mavivi, kule Beni, kumwona mjukuu wake wa kwanza. Binti yake alikuwa ameolewa na Paluku, muuza viazi wa hapa mjini, na mtoto alikuwa ametimiza miezi minne bila nyanya yake kumshika. Barabara ilikuwa mbaya siku zile, na leo pia hatuisifu. Alipofika mtoto alikuwa amelala, akasema tusimwamshe.

Mimi nilikuwa nimeiona kwaya ya parokia ikicheza mchezo wa viti: mnazunguka viti, muziki ukikatika mnakaa, na anayekosa kiti anatoka. Nikaapa kwamba kwetu watacheza wote.

“Masika, mimi hapana,” mama mdogo aliniambia. “Niache niangarie tu.”

“Eeh, Mama mudogo! Leo ni Noeli, hapana kukatala!”

Nikamvuta mkono. Watu wakacheka, naye akainuka kwa kukionea haya kile kicheko.

Heshima ya kwetu unaijua. Mama mkwe na mkwe wake hawagusani, wala hawatajani majina. Hata kiti alichokikalia mama, mkwe hakikalii. Paluku alizunguka upande wa pili, amejificha nyuma ya watoto. Lakini watoto walitoka mmoja mmoja, na muziki ulipokatika mara ya mwisho palibaki kiti kimoja na watu wawili: mama mdogo na mkwe wake.

Hakuna aliyekaa.

“Kaa, Paluku! Unaogopa kiti?” vijana walipiga kelele.

Paluku alitazama ukuta kama mtu anayesoma tangazo. Mama mdogo alijifunika uso kwa kitambaa, akaingia chumbani, akaanza kufunga mzigo. “Nitapata gari ya Beni mbele ya saa nane,” alimwambia binti yake. “Hapa siwezi kurudia tena.” Na alikuwa bado hajamshika mjukuu wake.

Nyanya yetu alikuwa akimenya viazi mlangoni mwa jikoni. Hakupaza sauti.

“Ulimusikia akikatala?”

“Nilimusikia, Nyanya.”

“Donc, basi, ulimusikia, na ukamuvuta. Umeharibu, sasa tengeneza, mbele ya chakula kuiva. Na usiende kumubembeleza, utamuongezea haya. Mutafutie namna ya kuwa kati ya batu.”

Nilisimama nikiwa na hasira. Kwanza juu ya Nyanya, kisha juu yangu. Halafu nikachukua kitenge kikubwa, nikakitundika kwenye mlango wa chumba kile kile alimoingia mama mdogo. Nikatangaza mchezo mpya: mtu aingie nyuma ya kitenge awaite kuku kwa sauti aliyoigeuza, na sisi tuliokaa tumtambue. Hakuna kukimbia. Hakuna kutolewa. Anayetaka aingie, asiyetaka acheke.

Babu aliita kuku kwa sauti ya msichana, watoto wakagaagaa sakafuni. Mama mdogo aliyaona yote hayo akiwa ndani, mzigo mapajani. Wakaingia wengine watatu. Kisha ikatoka sauti nzito, kavu, ambayo hakuna aliyeijua. Watoto wakataja kila jina, hapana. Ndipo Paluku, aliyekaa mbali karibu na ua, akakohoa. Jina lile hakuruhusiwa kulitamka.

“Ni ule alinizalia muke,” alisema, macho chini.

Nyuma ya kitenge pakalipuka kicheko. “Ee Yezu! Huyu ananijua mpaka kwa kuku!”

Kelele zikamwamsha mtoto. Mama yake akampitisha chini ya kitenge, na tukamsikia mama mdogo: “Mais, kumbe huyu ni muzito kama gunia ya viazi ya Lubero!” Saa nane ilipita, hakuna aliyeuliza gari.

Mwanangu, usianze na mchezo. Anza na watu. Waweke mbele ya macho yako mmoja mmoja: nani hana nguvu za miguu, nani hajui Kifaransa, nani anamheshimu nani. Mchezo wa kutoa watu waachie vijana wakacheze uwanjani. Aliyepanda gari tangu Alimbongo hakuja kutolewa. Watakwambia wazee hawachezi. Kataa. Tunacheza sana, ila kwa namna isiyotuvua heshima. Na mtu akikwambia hapana, mwachie mkono wake, halafu ufikiri tena, na tena, hadi upate.

Mungu akupe akili hiyo na uvumilivu wake. Awafikishe wote salama, akujalie kuwasikia wakicheka nyumba nzima, na siku moja nawe wajukuu wakubishie hodi wakuombe ucheze.