Ngano Iliyotaka Kunitoa kwa Mama

Sili ngano. Nalisema hili mlangoni kabla sijavua viatu, mwenye nyumba asije akaninunia nikiiacha chapati yake sahanini. Wako wanaodhani naringa. Naringa, ndiyo, lakini si kwa ajili ya chapati. Namringia mama yangu.

Miaka ya hamsini nilikuwa mtoto pale Ngamiani, Tanga, na nilikuwa kioja. Miguu vijiti, tumbo ngoma, na tumbo lenyewe likinisokota na kuniendesha kila siku. Mdogo wangu alinipita kimo. Mama alinipeleka kwa kila aliyesifiwa kwamba anajua dawa ya mchango, yale maradhi ya tumbo la watoto. Nikanyweshwa mizizi, nikafungwa hirizi. Majirani nao wakaanza kulisema lile neno linalomchoma mzazi kuliko yote: "Yule hamlishi mwanawe."

Hamlishi! Nyumba yetu haikukosa chakula. Baba alikuwa karani bandarini na alipenda kula kimjini: asubuhi boflo, jioni chapati, Ijumaa tambi za nazi. Muhogo ulionekana chakula cha shamba. Mimi, kwa kuwa mgonjwa, nilipikiwa bokoboko, ile ngano nzima inayopikwa na nyama ikapondwa mpaka ikavutika, kisha ikamiminiwa samli. Ndicho chakula cha mzazi aliyejifungua na cha mtu anayetoka maradhini. Kadiri nilivyokonda, ndivyo bakuli langu lilivyojazwa.

Mwishowe mama akanipeleka hospitali. Daktari, Mzungu mrefu mwenye mikono baridi, alinibonyeza tumbo, akauliza habari za choo changu mpaka nikaona haya. Akasema maneno mengi kwa lugha yake. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyekuwa akitafsiri, akayafupisha: "Mtoto asile mkate."

Sasa ukimwambia mtu wa pwani "mkate," umemwambia nini? Boflo ni mkate. Mkate wa kumimina nao ni mkate, na ule ni mchele wa kusaga na tui la nazi, hauna hata chembe ya ngano. Lakini andazi ni andazi, chapati ni chapati, tambi ni tambi, na bokoboko kwetu ilikuwa dawa. Mama aliishika amri barabara. Aliniondolea boflo, akaniondolea na mkate wa kumimina nilioupenda mno, na ili kufidia akaniongezea tambi na bokoboko. Nikazidi kuharisha.

Hapo ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipokuja kututembelea kutoka Pangani. Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Shangazi alikuwa mnene, mkarimu, na akisema ndani, njiani wanasikia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Yarabi! Huyu mtoto au kivuli chake?"

Akaninyanyua kwa mkono mmoja, akanitua, akamgeukia baba. Mama alikuwa amesimama pale pale na sinia la chai.

"Kaka, mwezi wa Ramadhani ukiandama mtoto yuko hivi hivi, namchukua. Nitamlea Pangani. Hii ni damu yetu."

Dada mkubwa akisema neno juu ya mtoto wa kaka yake, si rahisi kumpinga. Baba alijikuna kidevu, akasema, "Haya. Tuone." Nilimchukia kwa "tuone" ile. Mama aliweka sinia chini, akaenda jikoni, nami nikamfuata nikidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa akichomoa vitu kabatini na kuvitia kikapuni, kimoja kimoja, amekaza meno.

"Hawakuchukui," aliniambia. "Lakini lazima nijue mkate ni nini."

Kesho yake tulikwenda hospitali sote watatu, maana shangazi alikataa kubaki nyumbani. Mama hakungoja kuulizwa. Alitandaza kitambaa juu ya meza ya daktari akakipanga chakula chote cha nyumba yetu: kipande cha boflo, andazi, chapati iliyokunjwa, tambi, kipande cha mkate wa kumimina, kitumbua, muhogo uliochemshwa, na bakuli la bokoboko lililofunikwa kawa.

"Muulize," alimwambia dresa, "kipi ndicho mkate."

Daktari alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Aliuliza kila kitu kimetengenezwa kwa nini, na kila mama alipojibu akakisukuma upande huu au ule. Boflo, andazi, chapati na tambi vikaenda kushoto. Muhogo, kitumbua na mkate wa kumimina vikabaki kulia, na huo wa kumimina akaumega akauonja, akaumega tena. Kisha akafunua bokoboko. Alipoambiwa ni ngano nzima, na kwamba napewa kila siku ili nipate nguvu, alilisukuma lile bakuli mpaka ukingoni mwa meza.

Safari hii alieleza taratibu, na dresa hakufupisha. Ndani ya ngano mna kitu kinacholifanya donge la chapati livutike. Watu karibu wote hakiwadhuru, lakini kuna watoto wachache ambao matumbo yao hayakiwezi, nacho kinawachubua ndani mpaka chakula kinapita bila kuwafaa. Mambo haya hata huko Ulaya yamejulikana juzi juzi tu. Mama aliitikia kwa kichwa. Kulivuta donge la chapati alikuwa akikujua vizuri kuliko yeyote mle chumbani.

Shangazi hakuridhika. "Jirani yangu ni yaya kwa Wazungu wa mashamba ya mkonge," alisema. "Bibi Mzungu anayemtumikia ameacha mkate ili akonde. Sasa huyu aliyekwisha konda mnamwachisha ngano ili abaki nini? Mifupa?"

Haikuwa hoja ya kijinga, na mpaka leo naisikia, imegeuzwa tu kidogo. Daktari akamjibu kwamba yule bibi ana lake na mtoto ana lake. Kwa mtoto huyu ngano ni adui. Kwa mtu mzima mwenye afya yake ni chakula kama chakula kingine, na akiiacha, kukonda kwake kutategemea anakula nini badala yake.

"Basi nami nitakula anachokula yeye," shangazi akasema. "Nitakaa kwenu nione kwa macho yangu." Nilipopimwa uzito, naye akapanda mizani, ati kwa mzaha. Lakini magoti yalikuwa yakimsumbua, na macho aliyoitazamia mizani ile hayakuwa ya mzaha.

Mama alianza kazi. Alitenga chungu changu, kaango langu na mwiko wangu, asiruhusu hata vumbi la unga wa ngano livisogelee. Asubuhi vibibi vya mchele au vitumbua, mchana wali na samaki, jioni muhogo wa nazi au ndizi za nazi. Mkate wa kumimina ukarudi, na siku uliporudi niliukumbatia kama ndugu aliyetoka safari. Tumbo lilitulia kabla mwezi wa Shaabani haujaandama. Nikaanza kuomba nyongeza, nikaanza kugombana na mdogo wangu, na mama akawa anausikiliza ugomvi ule huku akitabasamu.

Shangazi naye hakuigusa ngano, nampa haki yake. Ngano aliiacha, nazi hakuiacha. Mimi nikila vibibi viwili, yeye alijaza sahani, maana si ngano. Halua haina ngano, basi akala halua.

"Wifi," mama alimwuliza siku moja, "huko kukonda unakwenda kwa miguu au umekaa?"

"Ngoja mizani," shangazi akajibu, huku akijipakulia ndizi.

Ramadhani ilipokaribia tukarudi hospitali. Nilipanda mizani nikijua kwamba uzito ukiwa ule ule nitapelekwa Pangani kwa shangazi, mama nimwache huku. Dresa akalisogeza jiwe la mizani. Akalisogeza tena. Akaitazama kadi yangu, akamwita daktari. Nilikuwa nimeongezeka kuliko nilivyoongezeka mwaka mzima wa nyuma.

Shangazi akanishusha, akapanda yeye. Jiwe likapita alama yake ya zamani, likaendelea mbele. Alishuka polepole, akavaa viatu vyake, akatangulia kutoka.

Baba alikuwa akitungoja barazani. Hakumtazama mama, alimtazama dada yake. "Dada, tumefikia wapi? Mtoto anakwenda?"

Shangazi alijaribu kuninyanyua kwa mkono mmoja kama alivyozoea. Ikabidi aongeze wa pili. Akanibeba hivyo hivyo mpaka kwa mama, aliyekwisha keti, akaniweka mapajani pake.

"Unaniuliza mimi?" alimwambia baba. "Muulize mamake."