Kinga Iliyobaki Karatasini

Walizima kinga ya mashine iliyoniponda vidole vitatu, kisha wakaandika kwamba ni uzembe wangu. Shule sikwenda, herufi nilijifundisha kwenye lebo za mashuka. Lakini mashine ile naijua. Miaka kumi na tisa nimeilisha mashuka ya wagonjwa katika chumba cha kufulia cha hospitali: roli mbili za moto, na mbele yake ubao mwembamba mwekundu. Mkono ukisukuma ubao, roli zinasimama. Ndivyo tulivyofundishwa.

Asubuhi ile shuka lilijikunja, nikalinyoosha, mkono ukasukuma ubao. Roli hazikusimama. Mwenzangu wa upande wa pili, tunayemwita Redio kwa kuwa hanyamazi, ndiye aliyekimbilia swichi ya ukutani.

Kikaitwa kikao cha kuamua kama nibaki kazini kama majeruhi au nifukuzwe kama mzembe. Meneja alileta karatasi moja ya programu inayoendesha mashine, akaibwaga mezani kama mcheza karata mwenye turufu.

"Kinga hii hapa, imeandikwa. Ubao ukisukumwa, simamisha roli. Nani haoni?"

Wote wakaona. Wakaenda kuijaribu, wakausukuma ubao kwa mpini wa ufagio. Roli zikasimama papo hapo.

"Mama, mashine haina kinyongo na mtu," meneja akaniambia. Watu wakacheka.

Ile karatasi nilimpelekea binti wa dada yangu, anayefundisha kompyuta chuoni. Akaisoma mstari kwa mstari.

"Mama mdogo, maneno ya kinga yamewekwa katikati ya mistari miwili yenye alama ya reli, hii #. Unaziona?"

"Naona vipande viwili vya wavu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba programu haiingii kwenye mashine kama ilivyoandikwa. Kabla haijageuzwa kuwa lugha ya mashine, hupita kwa msomaji wa kwanza, ambaye ni programu nyingine, naye hutii mistari ya alama ya reli. Mstari wa juu ulimwambia hivi: kama neno KINGA limetajwa mwanzoni, yaache yanayofuata yabaki, kama halikutajwa, yaondoe yote mpaka kwenye mstari wa chini. Karatasi inabaki nayo, mashine haipati hata neno moja.

"Sasa lilitajwa au halikutajwa?"

"Hilo liko ukurasa wa kwanza. Wao wamekupa wa nne."

Tukamfuata fundi wa programu kwenye chumba chake nyuma ya boila. Ni mtu mpole, hakubisha. Alifungua nakala ya zamani kwenye kompyuta, akatuonyesha. Neno KINGA lilikuwepo, lakini mbele ya mstari wake palikuwa na vijiti viwili vya mshazari, maana yake mstari huo urukwe.

"Ubao ulikuwa unasimamisha mashine hata shuka likiugusa," alisema. "Meneja akaniambia niizime kinga kwa wiki moja. Nikasahau kurudisha. Siku ulipoumia, hata hujaingia chumba cha upasuaji, nilifuta vijiti nikaiingiza programu upya."

"Basi waambie hivyo hivyo, mwanangu."

"Mama, nina watoto watatu."

"Na mimi mkono huu una vidole viwili."

Binti akamwomba atuchapie ule ukurasa. Akasema printa haina wino, nayo nyuma yake ilikuwa ikitema orodha za zamu.

Binti aliandika barua kuomba ukurasa wa kwanza. Meneja akajibu kwamba ukurasa huo ni utangulizi tu, hauna amri yoyote kwa mashine. Wanakikao wakaafiki, wakafunga jalada, nikarudisha aproni. Sina wa kumwendea. Mwenye karatasi ndiye anayeaminiwa, na karatasi zote ziko kwao. Fundi nilimtumia ujumbe mara tatu. Alijibu mara moja, kwamba ananiombea.

Sikumwomba dua. Meneja namdai ukurasa wa kwanza, kama ulivyokuwa asubuhi ile, na vijiti vyake viwili. Fundi namdai sentensi moja, aitamke mbele ya wale wale walionicheka: kwamba mkono wangu uliusukuma ubao, na mashine ilikuwa imenyimwa amri ya kusimama.