Mikono Miwili ya Hulda

Ilikuwa mwaka 2016. Hapana, 2016 ndio mwaka barafu ya asubuhi ilipounguza viazi vya watu, mashina yakawa meusi kama yamepikwa. Hili lilitokea mwaka uliofuata, 2017, maana mwaka huo viazi tulikula.

Hulda Mgaya alizaliwa kwenye kambi ya wachuma chai, nje kidogo ya mji wa Njombe. Mama yake, Anneth, alikuwa mchumaji, na Hulda naye akawa mchumaji. Kazi ile haitaki mkono mmoja. Mikono yote miwili inadonoa majani kama kuku wawili waliomwagiwa mtama, macho yako mbele, kapu liko mgongoni. Anayechuma kwa mkono mmoja, msimamizi humrudisha nyumbani hata uji wa saa nne hajaunywa.

Karibu na ghala la majani kulikuwa na uwanja wa tenisi waliochezea mabwana wa shamba zamani. Siku hizo majani yalikuwa yameota kwenye nyufa zake, na ufunguo wa lango alikuwa nao Mwalimu Danford wa shule ya msingi. Ujanani aliwaokotea mabwana mipira, akaujua mchezo kwa kuutazama. Jioni moja alisikia kitu kinagonga ukuta wa ghala, akadhani ni mafundi wanaiba mbao. Akamkuta Hulda na kipande cha ubao, anaupiga mpira mchakavu ukutani, unarudi, anaupiga tena. Mwalimu alikwenda kugomba, akarudi ameazimwa raketi. Aa, nimegeuza: yeye ndiye aliyemwazima Hulda raketi. Nyuzi zikikatika, Hulda alifunga mshipi wa kuvulia samaki aliotumiwa na shangazi yake aliyeolewa Ludewa, kule ziwani.

Wenzake shambani walimtania. Walimuuliza huo mpira unapimwa kilo ngapi kwa siku. Hulda aliwajibu kwamba atakuwa bingwa wa kanda, na alilisema hivyo hivyo kama mtu anayesema kesho ni Jumapili.

Ugomvi wake na mwalimu ulikuwa mmoja tu. Mpira ukija kulia aliupiga kwa mkono wa kulia. Ukija kushoto, raketi ilihamia mkono wa kushoto, akaupiga vilevile. Danford, mtoto wa mzee wa kanisa, hakuweza kulivumilia. Alitaka mpira wa kushoto Hulda aupige kwa nyuma ya mkono wa kulia, kama alivyoona wanapiga mabwana.

"Hulda, mtu hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Ni adabu mbaya."

"Simpi, mwalimu. Namnyima."

Mwalimu aligeuka akakohoa, asionekane anacheka. Lakini hakubadilika. Walipokaribia kwenda kwenye mashindano ya kanda Makambako alimwambia wazi kwamba akicheza kwa kushoto mbele za watu akashindwa, kwa ufunguo ule hatamfungulia uwanja tena. Na uwanja mwingine wa tenisi pale haukuwepo.

Basi Hulda akaenda Makambako na mkono mmoja.

Sasa Makambako ni mji wa upepo. Wenyeji husema upepo ni jirani yao, anaingia bila hodi na kutoka na kofia yako. Siku ya fainali ulivuma tangu asubuhi. Hulda alikutana na Zita, binti mrefu kutoka Mbeya, mwenye viatu vyeupe na pigo zito. Zita aliona mapema kwamba mwenzake ana shida upande wa kushoto, akawa anamwaga mipira huko huko. Seti ya kwanza Hulda alishindwa vibaya. Watu wakaanza kwenda kununua mahindi ya kuchoma.

Alipokaa kwenye benchi, mama yake, Anneth, alisogea kwenye waya. Alikuwa amesafiri asubuhi hiyo na kitenge chake cha kanisani, na tenisi hakuijua hata kidogo.

"Mwanangu," alisema, "leo unachuma kwa mkono mmoja? Unaumwa?"

Hulda alitazama mikono yake. Halafu akamgeukia Danford.

"Mwalimu, nakuheshimu. Ila nikishindwa leo, nishindwe na mikono yangu yote."

"Ufunguo, Hulda."

"Nimesikia, mwalimu."

Akaingia. Mpira wa kwanza uliokwenda kushoto, raketi ikahama, na mpira ukarudi pembeni kabisa, mbali na Zita. Zita alisimama, akamwendea refa kulalamika. Refa akauliza dada huyu ana raketi ngapi. Akaambiwa moja. Akasema basi endeleeni.

Kuanzia hapo Zita hakuwa tena na upande wa kupigia. Seti ya pili ikawa ya Hulda. Ya tatu walikabana mpaka wenye mahindi wakasahau kuyageuza yakaungua. Mwisho ikabaki pointi moja. Zita alipiga kwa nguvu zake zote, upepo ukaudaka mpira ukausukuma katikati, ukaja usawa wa kitovu cha Hulda, si kulia, si kushoto. Ukarudi ukaanguka juu kabisa ya mstari, vumbi likatoka.

Danford alitoa ufunguo mfukoni, akampa Anneth amtunzie binti yake.

Ubingwa ule Hulda aliutetea miaka kadhaa. Kwenye taifa hakufika fainali, na halimkoseshi usingizi. Sasa ana watoto wawili, bado anachuma chai, na Jumamosi anafundisha tenisi pale pale.

Lakini pointi ile ya mwisho imewagawa watu. Danford anaapa ulikuwa mkono wa kulia. Anneth anasema kushoto, aliona kwa macho yake. Nilipomuuliza Hulda mwenyewe alicheka, akanikaribisha viazi. Nilikula, nikauliza tena, akaniongezea chai. Sasa ule mpira aliupiga kwa mkono gani?