Picha Niliyoikataa kwa Adabu

Miaka ya tisini nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja wa Kiingereza kule Harrow. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimpa dawa. Muda uliobaki niliikodolea macho picha iliyotundikwa kwenye korido yake, mbali na jua. Ilichorwa Uingereza hii hii karne ya kumi na nane, kwa wino wa kahawia, kisha ikapitishwa rangi ya maji nyepesi kama chai ya rangi iliyozidi maji. Milima, ukungu, na mtu na punda wake wakipanda taratibu. Mimi mtoto wa Lushoto, nakwambia, niliona ile milima ni ya kwetu. Niliitaka picha ile mpaka nikajionea haya.

Siku moja bibi akaniambia anahamia nyumba ya wazee, chumba kimoja tu. "Ile picha ichukue wewe. Naona unavyoitazama."

Moyo ukanilipuka kwa furaha. Mdomo nao, kwa malezi mema ya mama yangu, ukasema, "Hapana, bibi, usijisumbue." Kwetu ndivyo. Unakataa, unasihiwa, unakataa tena kidogo, halafu unapokea kwa mikono miwili.

"Una hakika?" akauliza.

Nikaona mambo ndiyo yanaanza. "Kabisa, bibi!"

"Nilidhani unaipenda," akasema. Uso ukamshuka, akageukia chai yake. Nami nikasimama pale na beseni langu, nangoja kusihiwa. Wapi!

Shoga yangu wa Woolwich alicheka mpaka akakaa chini. "We mwanamke una wazimu? Mzungu akikwambia chukua, chukua!" Kesho yake nikaenda nimejipanga kusema ukweli. Ukutani nilikuta msumari tu. Mpwa wake alikuwa ameshaipeleka makumbusho.

Miaka ikapita, bibi akafariki. Ndipo niliposikia kwamba kwenye makumbusho yale mtu yeyote akiomba hutolewa picha ghalani, akawekewa mezani aitazame. Nikavaa gauni langu la Idi, nikaenda. Walipoiweka mbele yangu nililia waziwazi. Naipenda, bibi, nikasema kimoyomoyo, niliipenda tangu siku ya kwanza.

Mhudumu wa pale, mama mpole, akanisogelea. "Nikuachie picha kwa muda kidogo zaidi?"

"Hapana, asante," nikamjibu, "usijisumbue."

Akaichukua, akaenda nayo.