Makande ya Njano

Jana sokoni Mbalizi mama mmoja alikuwa anachemsha mahindi ya njano ya kulishia kuku wake. Harufu ile nzito, yenye utamu kidogo, ikanisimamisha hadi nikasahau nilichofuata pale.

Mwaka ambao mvua ilitukatalia Usangu, serikali ilileta shuleni magunia ya mahindi kama hayo. Tulipikiwa makande, na maganda yake yalinata kwenye meno mpaka saa ya kurudi nyumbani. Baba, ambaye maisha yake yote alilima mahindi meupe, alisema hicho ni chakula cha kuku. Lakini hakunikataza kula. Jioni ugali wetu ulikuwa mdogo kama ngumi, na kila mara mama alipomsogezea sahani, baba alijibu, "Nimeshiba. Kuleni."

Siku moja ilikuwa zamu yake kuleta kuni shuleni. Alishusha mzigo nyuma ya jiko, akajifuta jasho, akaaga. Mama mpishi akamwekea bakuli la makande.

"Baba, kula kwanza," alimwambia.

"Ahsante, nimeshiba."

"Najua," alisema mpishi, lakini bakuli hakuliondoa.

Nilikuwa kwenye foleni ya chakula, nikamwona baba akigeukia ukutani. Alikula taratibu, akakwangua bakuli kwa kidole, kisha akaenda kuliosha mwenyewe bombani.

Jioni mama alimsogezea sahani. Baba akasema ameshiba, na siku hiyo ilikuwa kweli.