Sauti Kutoka Matiliku

Nilipoanza dawa za saratani ya titi, muuguzi aliniingiza kwenye grupu ya simu ya wanawake wa Kitui na Makueni wenye ugonjwa kama wangu. Sikutaka. Nilidhani ni mahali pa kulia kwa zamu, na mimi sina subira na vilio vya watu, vyangu vilinitosha. Kumbe nilikuta wanabishana kama uji wa wimbi hukaa tumboni kuliko wa mahindi, na mmoja akisambaza kila siku majani ya kuchemsha ambayo hayajamponya hata mbuzi.

Wengi wetu hatukuandika. Dawa zilitutia ganzi vidoleni, kwa hiyo tulirekodi sauti na kuzituma. Hivyo ndivyo nilivyomjua yule wa Matiliku, kule Makueni, muuza nyanya. Alirekodi akiwa kwenye kibanda chake sokoni, mashine ya kusaga unga ikinguruma nyuma yake, ikabidi apaze sauti hata anapoeleza siri za mwili wake. Mimi naishi Tulia, upande wa Kitui. Alinitania kwamba sisi wa Kitui tunaongea Kikamba kama watu wanaotafuna muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, ukiwa wa moto, nami nikamjibu kwamba wao wa Makueni wanaimba badala ya kusema. Siku za dawa, nikiwa nimelala na beseni kando ya kitanda, niliweka simu juu ya mto nikazisikiliza tena sauti zake za zamani. Mume wangu alizoea. Alisema nyumba yetu sasa ina watu watatu.

Uso wake sikuwahi kuuona. Kwenye simu aliweka picha ya maua.

Kisha akapona. Daktari alimwambia arudi baada ya muda mrefu, na grupu nzima ikamwimbia nyimbo za kusifu, kila mtu akiwa kwake. Wiki chache baadaye alituma sauti fupi, na kwa mara ya kwanza hakuwa sokoni.

“Dada zangu, msinikasirikie. Nikisikia sauti zenu, ile ladha ya dawa inarudi kwa mdomo. Natapika na sina ugonjwa. Wacha nitoke kwanza.”

Akatoka. Wengine walinuna. Mimi nilimwelewa, maana hata mimi nikiona tu lango la hospitali hutafuta pa kutapikia. Lakini kumwelewa hakukunisaidia. Asubuhi nilishika simu kwa mazoea, nikairudisha mezani. Wakati huo chakula sikukitamani hata kidogo, lakini sauti ya yule mwanamke niliitamani kutwa nzima.

Msimu wa maembe, akina mama wa kanisa letu walialikwa Mukuyuni, huko huko Makueni. Nilienda nao, na siku ya pili nikaaga kwamba kuna mgonjwa nataka kumjulia hali, nikaendelea hadi Matiliku. Nilijiwekea sharti moja: nitamsikia, yeye hatanisikia.

Sikuuliza mtu. Nilifuata mngurumo wa mashine, na mbele yake nikaisikia sauti ile ikiita wateja. Nilikuwa nikimdhania mrefu, kumbe ni mfupi, mnene, nywele zimeota zikajaa. Aliniuliza nataka mafungu mangapi, nikainua vidole viwili. Akauliza mbivu au za kukaa, nikagusa mbivu. Alidhani mimi ni bubu na kiziwi, akaanza kusema polepole huku akinionyesha kwa mikono, na kama si uchungu ningecheka.

Alipokuwa akinifungia aliona kucha zangu, nyeusi kwa dawa, kisha kilemba changu. Mikono yake ikasimama. Akaongeza nyanya tatu, akanisogezea mfuko, akainama ili niuone mdomo wake vizuri.

“Mimi nilikuwa hivyo, mama. Utapona.”

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilitaka kumwambia ni mimi, yule wa Tulia. Nikalimeza, nikamshika mkono kidogo, nikachukua mfuko. Nilienda kusimama upande wa pili wa mashine, nikamsikiliza akitaniana na mteja mwingine, mzima kabisa, kama tulivyomwombea. Hamu niliyotoka nayo nyumbani haikuisha pale. Ilizidi, nikalia nimezikumbatia nyanya zake.