Picha ya Nyumba ya Bibi, Singe

Kisa hiki kimenigharimu tangi zima la mafuta, elfu tano na usingizi. Nilikuwa safarini kupiga picha za kitabu, na tangu Arusha sikuona cha kupiga. Babati nikakata kona kwenda Singe, kuitafuta nyumba ya marehemu bibi. Nikaiona: kuta za udongo, mlango mfupi. Mama Neema, mwenye kiwanja siku hizi, alitaka elfu kumi ya picha; nikamshusha hadi tano. Nikapiga, nikamtumia mama yangu, akalia kwenye simu.

“Hapa bibi alikuwa akitupulizia mahindi ya moto,” nikamwambia Mama Neema.

“Mwanangu, hilo ni banda la mbuzi, nimelijenga mwaka jana. Nyumba ya bibi yako ilishabomoka. Gari lako limesimama jikoni kwake.”

Mama ameshaitundika picha sebuleni. Jamani, nimwambieje?